Pua ya Mume Wangu

Wanaosema wivu ni ugonjwa wa wanawake wasio na kazi hawajaniona mimi nikipiga pasi. Kwenye meli ile nilikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia, chini kabisa karibu na injini, mahali ambapo bahari unaijua kwa kuyumba tu, maana dirisha hakuna. Kila kitambaa cha meza kilichotandikwa juu kwa matajiri kilipita kwanza mikononi mwangu. Kazi nilikuwa nayo tele, na wivu nao nilikuwa nao tele, tena wa kuwagawia majirani.

Mume wangu alifanya kazi juu, kwenye ukumbi mkubwa wa chakula, kwenye mazulia na taa za vioo. Alikuwa mhudumu mkuu wa mvinyo. Wafanyakazi wenzetu walimwita Pua, na mimi waliniita Mama Pasi. Ukiyatazama majina hayo mawili utajua nani kati yetu alikuwa anakula upepo na nani alikuwa anakula mvuke.

Jina hilo hakupewa bure. Wageni wa meli ile walikuwa wakikaa mezani wanaletewa orodha ya vinywaji nene ya kuegemea. Kulikuwa na shampeni ya kukaribishia, inayomiminwa hata kabla hujasema una kiu. Kulikuwa na shampeni ya rangi ya waridi kwa walio kwenye fungate, mvinyo mweupe wa kuteremshia samaki, mwekundu wa nyama, mtamu wa kumalizia. Halafu kurasa za mwisho kulikuwa na chupa za zamani, zile ambazo mgeni akiagiza moja hata mpishi anatoka jikoni kuchungulia. Mume wangu alizijua zote. Alikuwa anainusa glasi anafumba macho, kisha anawaambia kama mwaka ule mvua zilichelewa kwenye mashamba ya mizabibu. Wageni walikuwa wanapiga makofi kama watoto.

Mimi mwenyewe niliipenda pua kwanza, mtu akafuatia. Tulikuwa chuo kimoja cha hoteli, hatujuani. Nikapita koridoni na kapu la mashuka ya moto, nikasikia sauti nyuma yangu: "Dada, umeunguza kitambaa. Halafu umekula chungwa ukajifutia kwenye aproni." Kitambaa nilikuwa nimekiunguza kweli, foronya, na nilikuwa nimeificha chini kabisa ya kapu. Nikageuka nimtukane, nikajikuta nacheka. Mwaka uliofuata nikaolewa.

Tangu hapo tukawa na mchezo wetu. Kila jioni kabla hajapanda ukumbini, nilimletea shingo. "Haya, leo?" nilimuuliza. Naye aliweka pua pale chini ya sikio, akavuta pumzi taratibu, akanitajia: sabuni gani, mafuta gani, nimekaa karibu na nani, nimekasirika au sijakasirika. Alidai hasira ina harufu. Sijui kama ni kweli, ila hakuwahi kukosea.

Sasa ndipo akaja Sindano.

Sindano ndilo jina tulilompa sisi wa chini, kwa wembamba wake na jinsi alivyokuwa akipenya watu bila kuwagusa. Aliletwa kuwa msaidizi wa mume wangu. Meneja wa vinywaji, mzee mmoja tuliyemwita Kimya, alikuwa na utaratibu wake asiouvunja: kila chupa maalumu inuswe na pua mbili kabla haijamfikia mgeni. Msaidizi anafungua kwenye meza ndogo ya pembeni, ananusa, anamimina kidogo, anampa mkubwa. Mkubwa ananusa, anatamka mbele ya wageni. Msaidizi hasemi neno. Sababu ya yote hayo ni kwamba chupa nyingine huharibiwa na kizibo chake, ikanuka kama boksi lililolowa maji, na kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo kila jioni mume wangu na yule mwanamke walikuwa wanaingiza pua zao kwenye glasi moja, mmoja baada ya mwingine. Mimi nikiwa chini nanyoosha vitambaa vya kufutia midomo ya watu.

Mwanzoni nilijikaza. Nilijiambia kazi ni kazi. Lakini shoga yangu wa mashine za kukaushia, ambaye tulimwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, alikuwa haishi kuniletea habari.

"Mama Pasi, nimepita stoo ya mvinyo. Wamejifungia wale wawili."

"Stoo ina baridi, lazima mlango ufungwe."

"Ndiyo, baridi. Na watu wakisikia baridi wanafanyaje? Wanasogeleana. Mimi sijasema kitu."

Hajasema kitu! Siku iliyofuata nikajifanya napeleka aproni safi kule stoo, nikachungulia kwenye kioo cha mlango. Nikamwona Sindano ameshika glasi, ananong'ona, na mume wangu amemwinamia anatikisa kichwa polepole, macho hayabanduki usoni mwake. Mimi ananisikiliza hivyo? Nikimweleza habari za mtoto wetu aliyeko kwa bibi yake, anajibu "sawa" na viatu anafunga. Nikazirudisha aproni zangu.

Nikaanza kutafuta ushahidi. Mke anayefua nguo za meli nzima hahitaji mpelelezi. Niliyanusa mashati ya mume wangu moja moja kabla ya kuyatia majini. Nikakuta jasho, nikakuta mvinyo, nikakuta jiko. Harufu ya mwanamke hakuna. Baadaye nikakumbuka kwamba wahudumu wa mvinyo hawaruhusiwi kujipaka manukato, yasije yakaharibu harufu ya vinywaji. Ndipo nikachanganyikiwa kabisa. Mwanamke wa kawaida akikuibia huacha alama mlangoni. Huyu hakunukia chochote. Ningemkamataje mtu asiye na harufu?

Basi nikamtega mume wangu mwenyewe. Miaka yote nilikuwa najipaka manukato ya limau, kila mtu anajua. Tulipotia nanga kwenye bandari moja nikashuka nikanunua ya waridi, makali, ya kuingia chumbani kabla yako. Nikajipaka shingoni mpaka Redio akapiga chafya. Jioni nikampelekea mume wangu shingo. Akaweka pua pale pale, akavuta pumzi, akatabasamu.

"Limau lako lile lile," akasema. "Silichoki."

Nilisimama pale nikamtazama mtu niliyezaa naye. Mwanamume anayejua mvua za mashamba asiyowahi kuyakanyaga, hajui mkewe amehama kutoka limau kwenda waridi! Nikajua hapo kwamba pua yake imeshajaa mtu mwingine, kwangu haina tena nafasi. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilikuwa nimeshaloa.

Kuna kitu nimejifunza kwenye kazi yangu. Mvinyo mwekundu ukimwagika unajitangaza mwenyewe. Shampeni haijitangazi. Inakauka, kitambaa kinabaki cheupe, unadhani hakuna kitu, mpaka ukipitisha pasi ya moto ndipo doa la njano linatokea. Nikasema sawa. Hawa wawili dawa yao ni moto.

Moto nikaupeleka siku ya chakula cha nahodha. Siku hiyo wageni waliochaguliwa hukaa meza moja na nahodha, na mtu wa kufulia husimama kando ya ukumbi na vitambaa vya akiba, chochote kikimwagika abadilishe hapo hapo. Kawaida nilikuwa namtuma mwingine. Siku hiyo nikavaa sare mpya, nikapanda mwenyewe.

Kwenye meza ya nahodha alikuwepo bibi mmoja mwenye shanga za lulu na mumewe aliyekuwa haoni vizuri. Walikuwa wanasherehekea ndoa yao. Kwenye zile kurasa za mwisho za orodha bibi alikuwa amekuta shampeni ya mwaka waliooana, akaiagiza, na meza nzima ilikuwa inaisubiri chupa hiyo kuliko chakula. Hata Kimya alikuja akasimama karibu na nguzo, mikono nyuma.

Sindano akafungua chupa. Kizibo kikatoka na mlio mdogo wa adabu. Akanusa. Akamimina kidogo, akaisukuma glasi upande wa mume wangu, kisha akainua mkono na kushika ncha ya sikio lake la kushoto.

Nikaiona ishara hiyo. Nilikuwa nimeshaona vile vile mwanzo wa jioni: kwa mvinyo mweupe alijigusa kifungo cha koti, kwa mwekundu akajigusa kifungo tena, na kila alipojigusa mume wangu alikuwa anamtazama kwanza ndipo anainua glasi. Nikajua ndiyo lugha yao. Wanazungumza mbele ya nahodha, mbele ya meneja, mbele ya mke mwenye ndoa! Macho hayana pazia, na yangu yalikuwa yamefika mwisho. Kabla mume wangu hajainua uso, nikapita katikati yao na vitambaa vyangu, nikasimama pale pale, nikajifanya nanyoosha kona ya kitambaa cha meza. Nilijitanua mabega. Mimi sio mwembamba.

Mume wangu akainua uso akakutana na mgongo wangu. Akasogea kulia, nami nikasogea kulia. Sindano akakohoa. Nikamwambia moyoni, kohoa mpaka utapike.

Mume wangu akasubiri kidogo, watu wakimtazama. Halafu akainusa glasi, akafumba macho kama kawaida yake.

"Iko vizuri kabisa," akasema. "Mkate uliotoka jikoni, tufaha lililoiva, na asali kwa mbali."

Meza ikaguna kwa furaha. Akamiminia watu. Bibi wa lulu akamshikisha mumewe glasi mkononi, wakagonganisha, naye akaiinua yake puani. Akaishusha.

"Kijana," akasema taratibu, bila hasira, "hii inanuka sanduku lililolowa."

Nahodha akanusa. Akaweka glasi chini naye. Ukumbi ulivyo mkubwa, nilisikia vijiko vya meza za mbali. Mume wangu aliinusa tena, akanusa mara ya tatu, jasho likamtoka kwenye paji. Yule babu asiyeona vizuri akamuuliza mkewe kuna nini, mkewe akamwambia hakuna kitu mpenzi wangu, wanatuletea nyingine. Nyingine ya mwaka ule haikuwepo.

Kimya akaja akaichukua chupa kwa mkono wake mwenyewe. "Kesho asubuhi, hapa hapa," akasema. "Nyote watatu." Alituhesabu kwa macho, na mimi nilikuwemo.

Tulikuwa na chumba kidogo cha wanandoa, kitanda na kabati na basi. Sikumsubiri avue hata koti.

"Unamtazama nini yule mwanamke?"

"Mke wangu, leo niache. Leo sio siku yake."

"Siku yake ni lini? Nipe tarehe nijipange!"

"Punguza sauti."

"Nimepunguza miezi yote! Sikio anashika la nini? Vifungo anavipapasa vya nini? Unadhani kwa kuwa nakaa chini na mimi ni kipofu? Niapie. Niapie hapa kwamba hutamtazama tena usoni yule mtu."

Alikaa kitandani. Alionekana mzee ghafla, nikachukia jinsi nilivyomhurumia. "Naapa," akasema. "Sitamtazama tena. Umefurahi? Kesho nateremshwa kwenye bandari inayofuata."

"Kwa chupa moja?"

"Sio chupa. Sinusi."

"Hunusi nini?"

"Chochote. Tangu yale mafua."

Mafua hayo niliyakumbuka. Msimu wa baridi yalimlaza, nikampikia uji, akapona, tukasahau. Kwanza nilicheka. Nikamwambia atafute uongo wa kuaminika. Halafu nikatoa kwenye mfuko wangu chupa ya dawa ya madoa, ile kali ninayofanyia kazi na barakoa, nikaifungua chini ya pua yake. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka. Yeye alikaa kimya kama mtu aliyeletewa glasi ya maji.

Nikafunga chupa. "Na yule anajua," nikasema.

"Anajua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Aligundua mwenyewe. Mchana ananifundisha chupa za siku zinanukiaje, nakariri. Jioni ananionyesha alama. Kifungo ni nzuri. Sikio ni mbaya."

Nilidhani nitapumua. Mwanamke yeyote angepumua: mume hana hawara, ana mafua tu yaliyokataa kwenda. Lakini nakwambia ukweli, ule wivu wa kwanza ulikuwa wa kitoto. Sasa ndio ulikuja wenyewe. Ningemkuta naye kitandani ningejua pa kuanzia, ningeshika nywele, ningeita watu. Huyu hakuuchukua mwili wa mume wangu. Alichukua aibu yake, hofu yake, kile ambacho mtu hampi ila mtu wake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na miaka yote nilidhani kata ni mimi.

"Kwa nini yeye?" nikamuuliza. "Mimi ndiye mkeo. Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekwambiaje? Wewe ulinipendea hii." Akajigusa pua. "Kila jioni unaniletea shingo. Nilikuwa nasema limau huku naomba Mungu iwe limau."

"Nilijipaka waridi."

"Sikujua."

"Kali! Redio alipiga chafya!"

"Sikujua, mama. Mtu asiyenipenda kwa pua niliweza kumwambia. Wewe nilishindwa."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo cha mume wangu nilikuwa nimekileta mimi kwa mabega yangu. Sikumwomba radhi. Bado nilikuwa na hasira naye, na nadhani nilikuwa na haki. Tulilala tumepeana migongo, kitanda chenyewe chembamba.

Asubuhi niliwahi stoo ya mvinyo kabla yake. Sindano alikuwa anapanga chupa za shampeni, kichwa chini, ndefu na fupi kwenye rafu zake. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine, ya heshima. Yaliyotoka ni haya:

"Leo mwonyeshe. Kama siku zote. Nakuomba."

Hakushangaa. Alijifuta mikono. "Dada, nimekuwa pua ya mume wako mpaka yangu imechoka. Hata mimi ninaye wangu nyumbani, na ana wivu kukushinda."

"Hakuna anayenishinda."

Akacheka kidogo. Sikutaka acheke vizuri hivyo. "Siku ya kwanza nilifungua chupa mbele ya wageni mkono ukanitetemeka, nikawamwagia," akasema. "Kaka alisema kosa ni lake. Hakunicheka. Basi. Hakuna kingine, dada. Nitamwonyesha."

Nikamshukuru. Kila neno la shukrani lilikuwa linanikwaruza likitoka. Kumwomba mwanamke mwingine akae machoni mwa mumeo, na kumwomba kwa adabu, hakuna shule inayofundisha.

Ukumbi mtupu asubuhi hauna uzuri wowote, ni viti vimepinduliwa juu ya meza. Kimya alikuwa ameweka glasi tatu za shampeni kwenye meza ndogo ya pembeni. "Moja ni ya chupa ya jana," akasema. "Nilikuwa nimeifunga. Fanyeni kama jana. Wewe, Mama Pasi, simama kule."

Nikaenda kule, ng'ambo ya meza, nimekumbatia vitambaa ambavyo hakuna aliyevihitaji. Sindano akanusa ya kwanza, akaisukuma, akajigusa kifungo. Mume wangu alikuwa ameinamisha uso. Akanusa ya pili yule mwanamke, akaisukuma, mkono ukaenda kwenye sikio la kushoto, ukakaa pale muda mrefu kuliko kawaida. Mume wangu hakuinua macho. Ya tatu, kifungo. Uso wake bado uko chini.

Ndipo nikaelewa. Aliniapia, na mume wangu, pamoja na yote, ni mtu wa kiapo. Alikuwa tayari kuteremshwa bandarini na sanduku lake kuliko kumtazama yule mwanamke mbele yangu. Nitakuwa mwongo nikisema haikunipendeza. Kwa muda mfupi ilinipendeza sana, ilinipanda kichwani kuliko kinywaji chochote cha orodha ile. Nikawaza: anichague mimi, na meli iende zake.

"Pua," Kimya akasema. "Tunakusubiri."

Mume wangu akainua uso. Akanitazama mimi. Alikuwa na macho ya mtu anayetafuta njia gizani, na mimi sikuwa na alama ya kumpa. Sijui shampeni. Nilichokuwa nacho ni vitambaa.

Mkono sikuweza kuinua, Kimya angeona. Nikautoa mdomo. Nikauchongoa kule kwa Sindano, kama unavyomwonyesha mtoto mahali kikombe kilipo. Mume wangu hakuelewa. Nikauchongoa tena, kwa nguvu, na kichwa nikakitikisa: mtazame yeye! Kwa mdomo wangu mwenyewe nikayasukuma macho ya mume wangu kutoka kwangu mpaka kwenye uso wa mwanamke mwingine, na nikayaona yakifika, na nikaona yule mwanamke akiinua mkono tena kwenye sikio na kidole kimoja kikielekea glasi ya katikati. Iliniuma kuliko kuzaa. Kuzaa unapewa mtoto.

"Ya katikati," mume wangu akasema. "Ndiyo ya jana."

Kimya aliinusa ya katikati mwenyewe, akaiweka chini, akatutazama mmoja mmoja, mpaka akafika kwangu na mdomo wangu, ambao sikuwa nimeurudisha vizuri mahali pake.

"Utaratibu wangu ni watu wawili kwa chupa moja," akasema. "Jana walikuwa watatu. Leo wawili wametosha." Akaanza kukusanya glasi. "Hawa wawili watabaki meza moja mpaka mkataba uishe, wasitenganishwe. Wewe, Mama Pasi, baki na pasi zako."

"Asante, bosi," nikasema. Jamani, nilisema asante.

Mchana nilipiga pasi kitambaa cha mkononi cha mume wangu, kile anachofungia shingo ya chupa. Nikatoa ile chupa ya waridi. Yeye hatanusa, nikawaza, lakini yule atanusa. Kila jioni, akiinama kwenye ile meza ndogo, atanikuta mimi nimeshafika. Nikakaa nimeishika juu ya kitambaa mpaka Redio akaniuliza kama nimepigwa butwaa. Tone moja tu lingeharibu kila glasi ya ukumbi, na kila kitu nilichokinunua asubuhi ile kwa mdomo wangu. Nikaifunga. Niliifunga kwa hasira mpaka kifuniko kikapasuka.

Jioni mume wangu alikuwa anavaa. Nilijikuta nimeshamsogelea na shingo, mazoea yana tabu, nikasita katikati ya njia. Akanishika bega, akaweka pua pale chini ya sikio, akavuta pumzi taratibu kama zamani.

"Sisikii kitu," akasema. "Niambie wewe. Leo umejipaka nini?"

"Hakuna. Sabuni ya kufulia na jasho."

"Umekasirika?"

"Sana."

Akacheka, pumzi yake ikanipiga shingoni. Hakuondoka. Juu kule kengele ya kuwaita wahudumu ilikuwa imeshalia, na yule atakuwa ameshasimama kwenye meza yao anamsubiri, vifungo vyake vimefungwa vyote.

"Ile ya siku ya kwanza bado ninayo," akasema. "Kitambaa kilichoungua kidogo kwenye ncha, na chungwa. Nikifumba macho inakuja yenyewe. Kila usiku naiita, naogopa isije nayo ikaondoka."

Nikaishika kola ya koti lake, nikainyoosha, ingawa ilikuwa imenyooka.

"Hiyo umewahi kumwambia?"

"Hapana."

"Usimwambie," nikasema, nikamfungulia mlango.